Ofisini wameleta boti ya AI (akili bandia), ikikosea barua ya onyo napewa mimi

Wakuu habari za humu, naandika nikiwa na hasira hivyo mnisamehe nikipindisha herufi.

Niko kampuni moja ya mikopo midogo midogo hapa Dar, jina naliacha maana mshahara bado nauhitaji. Mwanzoni mwa mwaka bosi katoka semina na wimbo mmoja tu, AI AI AI, wiki mbili baadae tukawekewa boti WhatsApp (programu ya kujibu meseji, sio ya kwenda Zanzibar) ijibu wateja, na wadada wawili wa huduma kwa wateja mikataba yao ikaishia hapo. Tukauliza nani atakuwa anapitia majibu yake, tukaambiwa sisi ni waoga wa teknolojia.

Sasa juzi kaja mama mmoja anauza samaki Feri, simu kioo kimepasuka kona hadi kona, ananionyesha chati. Boti imemwandikia kabisa "Mpendwa mteja, ukilipa rejesho kabla ya tarehe 30 faini yako yote itafutwa" na kaemoji ka mikono ya shukrani juu. Mama wa watu kakopa kwa jirani kalipa tarehe 28, mfumo bado unamdai faini elfu 46. Utaratibu huo hatujawahi kuwa nao, imejitungia tu! Nampelekea bosi ananijibu hiyo imesema mashine sio kampuni, we mdai tu hiyo faini. Nikagoma. Jana nimepewa barua ya onyo, eti nimeshindwa kusimamia mawasiliano ya wateja, mimi ambaye hata paswedi ya hiyo boti sijawahi kuiona.

Na huo utetezi wa bosi wenzake walishaujaribu ukawashinda. Shirika la ndege la Air Canada, boti yao ilimdanganya abiria aliyefiwa na bibi yake kuhusu kurudishiwa sehemu ya nauli, wakaenda kujitetea kwamba boti inajitegemea na inawajibika yenyewe, Februari 2024 baraza la kuamua madai huko British Columbia, Kanada, likautupilia mbali utetezi huo wakaamriwa kumlipa dola za Kanada zaidi ya 800.

Hapo sijagusa taarifa za watu. Kuna jamaa wa ripoti kila Ijumaa anachukua ekseli nzima, majina, namba za NIDA, simu, nani kachelewesha, anaitupia ChatGPT (AI nyingine, ya mtandaoni) kwenye akaunti yake binafsi imwandikie muhtasari, yupo zake anakunywa chai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023 na tume yake ipo. Nikamuuliza HR afisa wetu wa ulinzi wa taarifa ni nani, akaniambia "mlinzi si yule pale getini?" Nilitaka kulia.

Barua natakiwa niijibu Jumatatu. Wazoefu wa mambo ya kazi niandike nini? Skrinishoti ya yule mama ninayo, ila sijui nikiiambatanisha naokoka au ndo najimaliza kabisa.