Bangi hukaa mwilini siku ngapi? Kuna kipimo cha mkojo Ijumaa ijayo

Baharia_Mtarajiwa
Salaam aleikum wanabaraza. Naomba ushauri wa haraka, na wenye matusi wapite kando. Bangi hukaa mwilini siku ngapi mpaka isionekane? Kuna mtu wangu wa karibu ana kipimo Ijumaa ijayo hapa Mombasa, hali wala halali. Pengine naambiwa siku tatu, pengine mwezi, pengine miezi mitatu. Nani mkweli? Nataka namba moja tu.

Bi_Maabara
Wote wakweli, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake. Namba moja haipo. Niambie kwanza: kinapimwa nini, mkojo, mate, damu au nywele? Maabara inatumia kikomo gani, yaani kiasi ambacho mkojo ukiwa chini yake huandikwa hasi? Huyo mtu wako huvuta mara ngapi kwa wiki? Na mara ya mwisho ni lini?

Wakati unatafuta majibu, elewa hili. Kipimo cha mkojo hakisaki THC yenyewe, ile inayolevya. Ini huigeuza THC kuwa 11-hidroksi-THC, ambayo nayo yalevya, kisha kuwa THC-COOH isiyolevya kabisa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosakwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na akili timamu wiki nzima na bado mkojo wake ukasema ndiyo. THC hupenda mafuta, huingia kwenye shahamu ya mwili kama moshi wa udi unavyoingia kwenye kanga: chetezo kimeshapoa zamani, nguo bado yanukia. Halafu hutoka kidogo kidogo. Sehemu kubwa hutoka na choo kikubwa, kama humusi moja tu ndiyo hupitia mkojo.

Mkwezi_wa_Nyali
Namba moja? Sufuri. Asiyevuta hukaa nayo siku sufuri 😂

Maalim_Kibokoni
Mwanangu, swali lako umelianzia mwisho. Ungeuliza namna ya kuiacha, hesabu ya siku ingejifanya yenyewe. Mwambie huyo mtu wako akili ni amana.

Baharia_Mtarajiwa
Shukran Maalim, lakini sasa hivi shida ni kipimo. Ni mkojo, kipimo cha kazi. Alivuta mara moja tu, harusini, akaombwa na marafiki.

Dawa_na_Dozi
Kama kweli ni mara moja, basi kwa kikomo cha nanogramu 50 kwa mililita, ambacho ndicho cha kawaida cha kipimo cha awali, ni siku moja hadi tatu hivi, nne kwa wachache. Kikomo kikishuka hadi 20, hesabu wiki. Anayevuta mara kadhaa kwa wiki, wiki moja au zaidi kidogo. Anayevuta kila siku, siku kumi hadi wiki tatu, na wapo wanaopita mwezi, hasa wenye mwili wa mafuta mengi.

Mate ni jambo jingine. Huko husakwa THC yenyewe iliyobaki kinywani, na huonekana siku moja, kwa wazoefu hadi tatu. Nywele hukua sentimita moja na robo hivi kwa mwezi, na sentimita 4 zilizo karibu na ngozi ya kichwa husoma miezi mitatu nyuma. Ndipo inapotoka ile miezi mitatu uliyoisikia. Bangi ya juzi hata haijafika kwenye nywele, kwa sababu kipande hicho bado kiko chini ya ngozi.

Harusi ilikuwa lini?

Nahodha_Mstaafu
Hamjauliza kazi gani. Kama ni chomboni, pombe nayo ina sheria yake. Marekebisho ya Manila ya 2010 kwenye mkataba wa STCW, ule wa kimataifa wa mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, yaliweka kikomo cha asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, au miligramu 0.25 kwa lita ya pumzi, kwa maafisa na mabaharia wenye zamu za usalama. Meli za mafuta huwa kali zaidi, na kampuni nyingi hupima ghafla baharini bila taarifa. Vijana hudhani kipimo ni kile cha nchi kavu tu kisha basi. Sivyo.

Kisauni_Kwetu
Na mtu akivuta moshi wa wenzake hapo maskani? Akisema alikaa karibu tu hawamsikilizi?

Bi_Maabara
Kisauni, hilo limepimwa. Mwaka 2015 watafiti wa Johns Hopkins kule Marekani walichapisha majaribio ambapo watu sita wasiovuta waliketi saa nzima na wavutaji sita kwenye chumba kilichofungwa, feni imezimwa. Mmoja tu ndiye aliyevuka 50, nako kwa saa chache za mwanzo. Feni ilipowashwa hakuna aliyevuka. Kwa hiyo maneno ya "nilikaa karibu" hayasimami, labda uwe ulifungiwa kwenye kabati na wavutaji.

Sasa mleta uzi. Umeulizwa kikomo, mara ngapi na lini. Umejibu moja na nusu. Mficha uchi hazai. Sema tukusaidie.

Baharia_Mtarajiwa
Haya. Ni mimi mwenyewe. Huvuta kila siku tangu mwaka jana, misokoto miwili au mitatu baada ya Isha, haidhuru mtu. Mara ya mwisho ni jana usiku. Kipimo ni siku kumi kutoka leo. Kazi ni ya jikoni kwenye meli ya kitalii, wakala amenipigia mwenyewe.

Lakini msinihurumie, nimeshajipanga. Nimenunua ile chupa ya kusafisha damu, elfu nne na mia tano, unakunywa asubuhi ya kipimo. Ikishindikana, binamu yangu havuti kabisa, atanipa mkojo wake. Wenzangu wengi wamepita hivyo. Nataka tu mnithibitishie kwamba siku kumi zatosha kuongezea.

Bi_Maabara
Hazitoshi, na huo mpango utakuumiza kuliko bangi yenyewe.

Hesabu kwanza. Kwa mvutaji wa kila siku, THC-COOH kwenye mkojo hupungua nusu kwa kila siku tatu au nne, wengine polepole zaidi. Tuseme leo una 400. Baada ya nusu ya kwanza ni 200, ya pili 100, ya tatu 50. Hizo ni siku 9 hadi 12, na bado uko palepale kwenye mstari. Ukianzia 800, ongeza nusu nyingine. Na usomaji haushuki kama ngazi. Leo unaweza kuwa chini ya kikomo, kesho ukanywa maji machache, mkojo ukakolea, ukapanda tena. Ndiyo maana jibu moja la hasi kwenye kipimo cha nyumbani si dhamana ya Ijumaa.

Chupa: kazi yake kubwa ni kukujaza maji na kukupa mkojo mwingi. Haisafishi damu wala haigusi shahamu. Maabara huangalia kreatinini, ile taka ya misuli inayotoka na mkojo, na uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji, kabla ya kitu kingine. Kwa taratibu za Marekani, ambazo maabara nyingi za kazi za meli huzifuata, kreatinini ya kati ya miligramu 2 na 20 kwa desilita pamoja na uzito ulio chini ya 1.003 huandikwa mkojo mwepesi. Kreatinini chini ya 2, na uzito nao ukienda kusikokubalika, huandikwa si mkojo wa binadamu wa kawaida. Huo wa mwisho huhesabiwa umekataa kupimwa; mwepesi mno, unaweza kurudishwa kupimwa mbele ya macho ya mtu.

Mkojo wa binamu: kile kikombe kina utepe wa joto ubavuni, vinukta vya namba vinavyong'aa kijani. Mpokeaji anausoma ndani ya dakika nne, na lazima uwe kati ya nyuzi 32 na 38. Chooni maji yametiwa rangi ya buluu, bomba limefungwa kwa utepe, mifuko umeikunjua kabla hujaingia. Ukishikwa umebadilisha, haiandikwi "bangi". Inaandikwa umekataa kupimwa, na hilo wakala hawezi kulieleza kwa kampuni. Bangi ina muda wake wa kuisha, udanganyifu hauna.

Na binamu yako naye ana siri zake. Umemuuliza anameza dawa gani?

Dawa_na_Dozi
Naongezea kwa sababu najua ataulizwa na wenzake. Ndimu, siki, maziwa ya mtindi, mkaa wa kusaga: hakuna kinachotoa THC-COOH. Siki hubadili asidi ya mkojo kidogo, na asidi hiyo maabara huipima pia. Kukimbia nako hakusaidii siku za mwisho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 2013 waliwaweka wavutaji wa mara kwa mara kwenye baiskeli ya mazoezi dakika 35, THC kwenye damu ikapanda kidogo, kwa sababu shahamu ilipochomwa iliachia ilichoficha. Mazoezi ni mema, lakini si ya kuondolea bangi wiki ya kipimo.

Upande wa pili, kama mtu ANATUMIA dawa halali, aseme kabla ya kupimwa. Efavirenz, dawa ya virusi vya UKIMWI, imewahi kukifanya kipimo cha awali kiseme bangi ipo kwa watu wasiovuta. Pantoprazole ya tumbo pia imetajwa. Hapo ndipo kipimo cha pili cha mashine, kwa kikomo cha 15, hutenganisha. Mashine haichanganyi dawa na bangi. Lakini isipoombwa, mtu anaweza kuondoka na jina baya bure.

Jicho_la_Ngome
Wanabaraza, simameni kidogo. Mleta uzi kajiunga jana. Kaanza na "mtu wangu wa karibu", kaja harusi, sasa ni kila siku. Na katikati ya dhiki yote hiyo kapata nafasi ya kutuambia bei ya chupa na saa ya kuinywa. Subirini, atakuja "mwenzake" kusema imemfaa, na namba ya simu itafuata. Nyuzi za namna hii ni tangazo. Mimi nasema hakuna meli wala kipimo.

Mkwezi_wa_Nyali
Mimi hata harusi siiamini tangu mwanzo.

Kisauni_Kwetu
Kweli mbona hajataja kikomo? Mtu wa kazi ya meli hupewa karatasi.

Baharia_Mtarajiwa
Jicho, wallahi siuzi chupa, na sitaitaja jina. Nilijiunga jana kwa sababu jana ndipo nilipopigiwa simu. Karatasi ninayo mbele yangu. Imeandikwa mkojo, paneli 10 (yaani aina kumi za dawa kwa mpigo), awali 50, uthibitisho 15, sampuli kugawanywa chupa A na B, kuleta pasipoti, na kuorodhesha dawa zote za siku 30 zilizopita. Mnataka nini tena? Na kama ningekuwa tapeli ningejitia aibu ya kusema navuta?

Jicho_la_Ngome
Tapeli hujitia aibu yoyote. Lakini orodha hiyo si ya muuza chupa. Naacha hapo, ila chupa isitajwe tena.

Nahodha_Mstaafu
Orodha ni sahihi. Chupa A hupimwa, B hufungwa kwa muhuri mbele yako na kuwekwa, ili ukipinga majibu ipelekwe maabara nyingine. Utaweka saini kwenye muhuri wa zote mbili. Usiweke saini ya kitu hukukiona kikifungwa.

Sasa nisikilize, kijana. Ijumaa si siku ya kiama. Mpigie wakala kesho asubuhi, mwambie hauko tayari kwa safari hii na unaomba uingizwe kwenye kundi linalofuata. Huna haja ya kutunga ugonjwa. Cheti cha afya cha baharia hudumu si zaidi ya miaka miwili, mawakala wamezoea watu kuhamishwa tarehe. Kuhamishwa hakuandikwi popote. Kukataa kupimwa kunaandikwa. Na jiko la meli si la Kongowea. Mafuta ya moto, visu, sakafu inainama, na ukishuka bandari za Falme za Kiarabu kule kutumia tu ni kosa, mkojo wako wenyewe ndio ushahidi.

Baharia_Mtarajiwa
Na nikipoteza nafasi? Wamesubiri wengi Bandari pale na vyeti mkononi.

Nahodha_Mstaafu
Nafasi moja yaweza kupotea, sikufichi. Ukiandikwa umedanganya, zitapotea zote kwa wakala huyo.

Maalim_Kibokoni
Na ukiacha usiache peke yako. Mwambie mtu mmoja nyumbani.

Bi_Maabara
Maalim kasema la maana. Mvutaji wa kila siku akiacha ghafla, siku tatu za mwanzo hulala vibaya, hukasirika ovyo, chakula hakiingii, jasho usiku. Kilele ni wiki ya kwanza, wiki ya pili hupungua. Si ugonjwa wa kufa, ila watu wengi hurudi kuvuta siku ya nne wakidhani wanaharibikiwa. Ukijua mapema utavumilia. Chai na kahawa zipunguze jioni.

Ukitaka kujua umefika wapi, nunua vipimo vya karatasi duka la dawa, vya kikomo cha 50, upime mkojo wa kwanza wa asubuhi kwa sababu ndio uliokolea. Pima mara moja kwa wiki, si kila saa. Chovya mpaka mstari wa alama tu, usizamishe, weka juu ya kitu kikavu, soma dakika ya tano. Ukiiacha nusu saa itakudanganya.

Na hapa ndipo wengi hujitia wazimu: hiki si kipimo cha mimba. Mistari miwili, C na T, maana yake HAKUNA kilichovuka kikomo, hata kama wa T ni hafifu kama uzi wa buibui. Mstari mmoja wa C peke yake ndio kimeonekana. C isipotokea kabisa, karatasi mbovu, tupa, chukua nyingine. Ukipata mistari miwili kwa wiki mbili mfululizo, asubuhi, bila kujijaza maji, ndipo umwambie wakala akupe tarehe.

Baharia_Mtarajiwa
T hafifu ni hasi? Hapa ninayo moja niliyoitupa jana kwa hasira, ilikuwa na C tu.

Bi_Maabara
Basi umeshapata jibu la swali lako la kwanza. Mpigie wakala.