Kulaza samaki na stima ndio awekwe tagi, nani ashajaribu?

kambare_ahero: Wadau niko Ahero, tunataka kupasua kambare kidogo tuweke tagi ya redio tumboni tuone mvua ikinyesha huwa wanapanda Mto Nyando hadi wapi. Mafuta ya karafuu yanamlaza sawa lakini kuamka ni pole pole, na ukimwachilia mtu anaweza kumnasa jioni amle na dawa mwilini. Stima ni salama kweli?

dunga_boy: Iko sawa bora iwe DC (stima ya kwenda upande mmoja, kama ya betri) ya volti kidogo. Ya ukutani ni AC, inageuka-geuka upande, hiyo inakaza misuli mpaka uti wa mgongo unaweza kuvunjika. Na DC analegea anageuka tumbo juu, ukizima anaamka saa hiyo hiyo, hakuna cha kungoja kama MS-222, dawa ya kulaza samaki yenye Marekani wanataka siku 21 kabla aliwe.

mama_samaki: Ngoja kwanza. Analala tu ikiwa imewaka, so unashona stima ikipita. Wengine hutumia glavu za stima, mkono mmoja kichwani mwingine mkiani, ndani umevaa za mpira. Mimi chenye hunisumbua, kutulia si kutosikia uchungu, wataalamu wenyewe bado wanabishana hapo. Halafu maji yakibadilika chumvi, settingi ya jana haifai, pima kondaktiviti (vile maji yanapitisha stima) kila siku.

kambare_ahero: Asanteni sana. Betri ya nduthi si itatosha?

mama_samaki: Wewe! Tafuta mashine yake, tena usiwe peke yako.