Meza ya Jumamosi, Magomeni: mfalme akifa, nani anashika siwa, pembe ya kifalme?

Mwanaidi: Jamani, habari za jioni. Mchezo wetu wa mezani wa kuigiza, Ufalme wa Milimbali, tunauanza Jumamosi baada ya magharibi. Ramani tayari. Kileleni, juu mlimani, ndiko aliko mfalme. Mkondoni, chini, ndiyo bandari. Wakuu nimeandika 14, kila mmoja na njama yake. Semeni panapolegea kabla sijapeleka stesheneri kuchapa.

Hamisi: 14 wengi, dada. Mtu akishika majina sita kichwani, basi. Yakizidi wachezaji wanaanza kuulizana "huyu ndiye yupi tena?" na fitina inakufa hapo hapo. Bakiza nyumba 5, yaani familia za wakuu. Hao 9 wafanye ndugu, wake, makarani na wadeni wa hizo 5, hutapoteza kitu.

Hamisi: Kila nyumba iwe na mistari minne. Inataka nini, inaogopa nini, ina nini ambacho wengine hawana, inadaiwa na nani. Huo wa nne usiuruke. Deni ndilo linalomfanya mkuu atende jambo asilolipenda, na wachezaji wanapata pa kumshikia.

Idrisa: mimi naomba mfalme apewe sumu kikao cha kwanza kabisa

Neema: Hapana Idrisa. Mfalme ambaye hata hatujakaa naye, akifa nani atashtuka? Aishi vikao vitatu. Cha kwanza aamue kesi ya mpaka wa shamba, tumjue akili yake. Cha pili ampe mmoja wetu kitu mbele ya watu, hata joho. Cha tatu aanze kukohoa.

Mwanaidi: Ya kukohoa nimeichukua. Ila mrithi nimeshamtaja, mwana wa kwanza. Wote wanamkubali.

Hamisi: Mjomba Saidi yupo hewani? Hapa ndipo tunamhitaji. Shikamoo mjomba.

Mjomba Saidi: Marahaba. Nawasoma toka mwanzo. Mwanaidi, mrithi anayekubaliwa na wote ndiye anayekuua mchezo. Njama inaota pale sheria ya kurithi inapotoa majibu mawili, na yote mawili ya haki.

Mjomba Saidi: Chukua ufalme wa Usambara. Kimweri ye Nyumbai alitawala akiwa Vuga, mji mkuu wake mlimani, mpaka 1862. Wilaya aliwapa wanawe, na walimtii kwa kuwa ni baba yao. Mwana aliyekuwa mrithi akatangulia kufa, kiti kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu. Sasa wale machifu wa wilaya, kwa mzee walikuwa wana. Kwa kijana huyu ni baba zake. Nani ampigie magoti mtoto wa ndugu yake?

Neema: Kwa hiyo sheria ni ile ile, ila udugu umegeuka.

Mjomba Saidi: Umegeuka, na utii wote ulikuwa umejengwa juu ya udugu. Mmoja wa baba zake ni Semboja. Yeye alikaa Mazinde, bondeni, panapopita misafara. Biashara ikampa bunduki. Akamfukuza Shekulwavu pale Vuga. Na kiti hakukikalia! Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, yeye akabaki Mazinde na bunduki zake.

Idrisa: yaani mfalme yuko mlimani, mwenye nchi yuko chini??

Mjomba Saidi: Ndivyo. Heshima juu, mali chini. Mwanaidi, ramani yako tayari ina mlima na bandari. Unachokosa ni hesabu.

Hamisi: Hesabu hii hapa. Milimbali iingize vipande 100 kwa msimu: 30 kodi ya mashamba ya mlimani, 70 ushuru wa Mkondoni. Itumie 60: walinzi 45, nyumba ya mfalme na zawadi 15. Hazinani kuna akiba ya 60.

Hamisi: Liwali wa Mkondoni akizuia ushuru, mfalme anabaki na 30 dhidi ya matumizi 60. Kila msimu anakula 30 ya akiba. Misimu miwili, akiba kwisha. Wa tatu walinzi hawalipwi. Liwali hahitaji sumu wala jambia, anahitaji kungoja tu. Na wachezaji wakiliona daftari la hazina watalijua hilo wenyewe bila wewe kuwaambia.

Mwanaidi: Basi daftari nalichapa lenyewe kama karatasi ya kuokotwa. Wakilifikia wanapewa mkononi.

Mjomba Saidi: Ongeza mtu mmoja ambaye hana cheo. Unguja ushuru wa forodha ulikuwa unakodishwa. Nyumba ya Jairam Shivji iliukusanya kwa miaka mingi, ikimlipa sultani kiasi walichopatana, na ikamkopesha pia. Mkodi wa forodha haketi barazani pamoja na masayyid, wa ukoo wa sultani, lakini anajua nani anadaiwa ngapi.

Idrisa: huyo nataka kuwa mimi. nafuta sumu

Mwanaidi: Umeshaandikwa. Sasa njama zenyewe. Mchezo uliopita tulikuwa tunaamua kwa kuona tu, mtu akisema vizuri anafaulu. Watulivu hawapati kitu.

Hamisi: Tumia visanduku. Kila njama chora visanduku 6 kwenye karatasi. Kila kikao, kila mtu aliyemo ndani ya njama akifanya kazi halisi, anajaza kimoja: kamhonga bawabu, kaiba muhuri, kapata kiapo cha jemadari. Vikijaa, njama inatokea.

Hamisi: Sasa bei yake. Mwisho wa kikao rusha dadu mbili. Jumla ikiwa sawa na idadi ya wanaojua, au chini yake, siri imevuja. Wakiwa 3, nafasi ya kuvuja ni 3 katika 36. Wakiwa 5 ni 10 katika 36. Wakiwa 7 ni 21 katika 36, zaidi ya nusu.

Neema: Na inarushwa kila kikao, si mara moja.

Hamisi: Ndiyo hapo utamu ulipo. Njama ya watu 5 ikikaa vikao vinne, karibu mara 3 kati ya 4 itakuwa imevuja. Ya watu 3, vikao vinne hivyo hivyo, haifiki mara 1 kati ya 3. Wengi wanaenda haraka ila wanavuja, wachache wanadumu ila wanachelewa. Mchezaji aumize kichwa hapo.

Idrisa: wanaojua ni pamoja na watumishi?

Hamisi: Anayejua anahesabiwa, awe mpishi au waziri. Karani aliyeandika barua naye ndani.

Mjomba Saidi: Karani hasa. 1859 Barghash alipomwasi kaka yake Majid, sultani wa Unguja, barua za njama aliziandika dada yao Salme, binti wa miaka 15, kwa sababu alijua kuandika. Nyumba ya Barghash ikazingirwa, na dada zake wakamtoa akiwa amejifunika nguo za kike. Mwisho alishindwa, akapelekwa Bombay.

Neema: Mwanaidi, hilo lisipite hivi hivi. Wanawake kwenye orodha yako ni wake wa fulani na binti wa fulani, hawana mistari minne. Nenda Buganda uone. Mwana wa Kabaka, mfalme wao, alihesabiwa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo kila ukoo ulitaka kuoza binti ikulu, maana ndiyo njia ya kupata mfalme. Na mama wa Kabaka, Namasole, alikuwa na makao yake na wakuu wake mwenyewe.

Mjomba Saidi: Na mwana wa kwanza, Kiweewa, kwa desturi hakurithi kabisa. 1888 Kabaka Mwanga alipoondolewa wakamweka Kiweewa, naye hakumaliza hata miezi michache kabla ya kutolewa.

Mwanaidi: Hii inanitatulia mrithi! Sheria ya Milimbali: mwana wa kwanza harithi, anasimamia mazishi na kuwaita wakuu. Wanaogombea ni watoto wa mama wawili. Mmoja mama yake wa ukoo wa mlimani, mwingine mama yake binti wa Mkondoni.

Neema: Kamilifu. Na mwana wa kwanza asiyerithi ndiye kila mtu anamhitaji, kwa kuwa ndiye anayeita kikao. Mimi nataka mama wa mlimani. Nipewe makao yangu, walinzi 12 na karani.

Mwanaidi: Walinzi 8. Karani sawa.

Hamisi: Sasa siku ya kifo. Hapa ndipo meza nyingi zinaharibika. Mfalme anakufa, msimuliaji anasema "vita vikaanza," na yale yote yaliyoandaliwa yanaishia kwenye kupigana panga.

Mjomba Saidi: Sayyid Said, sultani na baba yao kina Majid, alifia baharini, Oktoba 1856, akirudi kutoka Maskati. Barghash alikuwa ndani ya meli hiyo hiyo. Majid yuko Unguja, ndugu yao Thuwaini yuko Maskati. Mwenye habari kwanza na mwenye maiti ni mmoja, mwenye mji ni mwingine, na yule wa tatu yuko ng'ambo na hajui lolote. Hizo saa za mwanzo ndizo mchezo wenyewe.

Hamisi: Nimeipata. Vitu vinne: maiti, siwa, ufunguo wa hazina, lango la Kileleni. Siku tatu za mchezo, kila siku ina zamu tatu, asubuhi, mchana na usiku. Kila mchezaji tendo moja kwa zamu. Jua la siku ya tatu likizama, mwenye vitatu ndiye mfalme.

Neema: Kila kimoja kiwe na kazi yake, kisiwe alama tu.

Hamisi: Mwenye maiti anaamua lini tangazo linatoka, kwa hiyo anaweza kuficha kifo mpaka zamu mbili. Mwenye siwa ameushika wito wa mwana wa kwanza, maana wito usiopigwa kwa siwa mkuu ana haki ya kuukataa. Mwenye ufunguo analipa walinzi, 15 kwa siku, asipolipa nusu wanaondoka. Mwenye lango anachagua nani anaingia usiku.

Idrisa: mkodi wa forodha ananunua ufunguo basi

Hamisi: Ukinunua ufunguo unajionyesha. Afadhali umkopeshe aliye nao. Akishakuwa mfalme anakudaiwa.

Mjomba Saidi: Anadaiwa na wewe, Hamisi, kaza lugha. Lakini kuna jambo la tano. 25 Agosti 1896 sultani wa Unguja, Hamad bin Thuwaini, alifariki, Khalid bin Barghash akaingia jumba la sultani siku hiyo hiyo. Alikuwa na jumba, na bendera, na askari. Alichokosa ni ridhaa ya Waingereza, ambayo mkataba wa 1890 uliidai. 27 Agosti manowari zikapiga jumba, na haikuchukua hata saa moja. Akakimbilia ubalozi wa Wajerumani, kisha akaletwa hapa hapa Dar.

Mwanaidi: Kwa hiyo niweke nguvu ya nje. Majini ya bahari, wana mkataba wa zamani na ufalme. Bila ridhaa yao meli haziingii Mkondoni.

Mjomba Saidi: Vizuri. Ila mkataba huo wachezaji wausome mapema, kikao cha pili. Nguvu ya nje inayoibuka mwishoni bila dalili inawanyang'anya kazi yao yote.

Hamisi: Kila siri iwe na njia tatu za kuijua: mtu mmoja anayesema, karatasi moja, mahali pamoja. Ukiweka njia moja tu, wachezaji wakaipita, umekwama. Mkataba wa majini: mzee wa bandari anaukumbuka, nakala ipo kwa mwana wa kwanza, na umechorwa kwenye nguzo ya forodha.

Idrisa: na mtu akiamua kuua wakuu mmoja mmoja? maana nikiwa na hela nitafanya hivyo

Hamisi: Nyumba haifi. Mkuu akiuawa mrithi wake anaingia, ule mstari wa "inataka nini" unafutwa, unaandikwa "kisasi", na deni lote linahamia kwa muuaji. Ua mmoja uone kama utataka wa pili.

Mwanaidi: Bado kuna la sare. Siku ya tatu, kila upande una vitu viwili. Tunafanyaje?

Mjomba Saidi: Rudi Usambara. Mfalme alihusishwa na mvua. Akiwa mmoja mwenye nguvu, nchi inapona. Wakishindana wawili, kila mmoja na mvua yake, nchi inaharibika. Weka hivyo kwenye mchezo.

Hamisi: Mvua ianze 5. Kila msimu wenye wafalme wawili inapungua 1. Ikifika 3, kodi ya mlimani inashuka kutoka 30 hadi 15. Ikifika 2 ni njaa, kila nyumba inapoteza theluthi ya watu wake. Ikifika 0 wakulima wanahama na hakuna ufalme wa kugombea.

Neema: Kwa hiyo Mkondoni anaweza kungoja, mlimani hawezi. Mimi itabidi nitafute mapatano kabla ya 3.

Mjomba Saidi: Na mapatano yana bei. 1861 Unguja na Maskati walipotenganishwa kwa uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, Unguja ilitakiwa kulipa riale 40,000 kila mwaka kwa Maskati. Gawanyeni nchi mkitaka, ila andikeni nani anamlipa nani, ngapi, na asipolipa inakuwaje. Hilo ndilo litawapa msimu wa pili.

Mwanaidi: Nimeandika. Sare: pande mbili zinakaa zamu moja, malipo kwa msimu kati ya 10 na 30, asiyelipa misimu miwili mfululizo majini wanamfungia bahari.

Hamisi: Anayekaa mlimani ukimfungia bahari haumii. Kwa huyo iwe mvua, mvua ishuke 1 zaidi.

Mwanaidi: Sawa, nabadilisha. Nyumba 5, daftari la hazina, karatasi ya siku tatu, mkataba wa majini. Idrisa njoo na dadu, zile zako mbili nyekundu. Nakala naenda kuchapa kesho asubuhi.