Mnaofungulia vyoo mvua ikinyesha usiku, sisi wa bondeni mnatuonaje?

Wakuu, sijalala na nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Jana mvua imeanza saa nne usiku. Ilipofika saa sita nikasikia huko nyuma ko, ko, ko, mtu anagonga kwa nyundo taratibu asisikike. Anayekaa Kigogo hapa Dar, upande wa Mto Msimbazi, haulizi hiyo ni nini. Kuna mtu anazibua choo chake. Kwa msiojua, shimo la choo hutobolewa ubavuni, likachomekwa bomba la inchi nne, mdomo wa bomba ukazibwa kwa gunia na matambara. Mvua ikikolea, gunia linavutwa. Tunaita kutapisha. Mwenye choo anaamka asubuhi shimo lake jeupe, hajatoa hata mia, halafu mimi niliye hatua ishirini chini yake nachota kwa sufuria uchafu wa nyumba nzima.

Humu ndani kwetu kuna bi mkubwa wa maandazi. Huwa anakanda saa tisa usiku ili alfajiri awe na kitu cha kuuza. Leo saa tisa nimemkuta amesimama juu ya stuli kwenye korido, kakumbatia ndoo ya unga kama mtoto, kanga kaifunga puani. Hakusema kitu. Maji yalikuwa yanamgonga miguu ya stuli, na juu yake yanaelea yale mnayoyajua. Unga aliuokoa. Lakini maandazi hayakupikwa, kwani nani atanunua andazi lililoumuliwa kwenye harufu ile?

Kulipokucha nikamfuata jirani wa juu. Nikamsalimia vizuri tu, shikamoo mzee, marahaba. Nikamweleza. Akanijibu huku anapiga mswaki: "Mdogo wangu, hayo maji yametoka Pugu."

Sawa. Msimbazi unatoka milima ya Pugu, unapita Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata, unatukuta sisi, unashuka Jangwani hadi unaingia baharini pale Daraja la Selander. Umebeba ya kila mtu njiani, hilo sibishi. Lakini maji ya Pugu, mzee wangu, hayaji na karatasi za daftari la hesabu la mwanao. Moja ilinasa mlangoni kwangu. Imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, saba ya kumi, na jina la mtoto liko juu. Nikamwonyesha. Akaniambia mimi ni mgeni hapa, nisianze kuleta ujuaji.

Najua mtasema gari la kunyonya choo halifiki kwetu. Ni kweli halifiki. Vichochoro vyetu hata bajaji inaingia kwa kinyumenyume, na trip moja nilipouliza nilitajiwa elfu tisini. Ila kuna vijana wa pampu ya mkono, wanakuja na mapipa yao kwenye mkokoteni, wanatoa kidogo kidogo kwa bei mnayopatana. Mwenye nyumba ya wapangaji saba, wote wanalipa miezi sita mbele, anashindwa? Hajashindwa, anasubiri mawingu. Mji huu umeshasahau Agosti 2015, kipindupindu kilivyoanzia hapa hapa Dar kikaenda nchi nzima.

Sasa niseme na langu, maana na mimi nilikuwa mjinga. Nilihamia hapa Agosti 2023. Kiangazi kikali, mto umebaki kamfereji, watoto wanacheza mpira kwenye mchanga. Mimi ni winga Kariakoo, yaani naleta wateja dukani kwa kamisheni, nikatembea kwa mguu kutoka dukani hadi chumbani nikaona nimefika, nauli nimeisahau. Dalali akanionyesha ukuta umepakwa rangi mpya ya krimu, lakini kutoka chini hadi kiunoni tu. Nikauliza mbona nusu. Akasema ndiyo fasheni. Nikauliza kile kiukuta cha tofali mbili kilichojengwa mlangoni kabisa, unaruka ndipo uingie. Akasema kinazuia bata. Mtaa mzima hauna bata! Chumba cha jirani nikachungulia, kitanda kipo juu ya matofali, friji juu ya matofali, kabati juu ya matofali. Nikasema moyoni watu wa huku wanapenda usafi wa chini ya kitanda.

Mwaka ule mamlaka ya hali ya hewa ilishatangaza El Niño. Sikuisikiliza, nilikuwa nimeshalipa kodi. Vuli ilipokuja, rangi ya krimu ikabanduka kama ngozi ya kuungua, na nyuma yake nikaona mistari ya tope, mmoja juu ya mwingine. Mmoja unanifika kifuani, na mimi si mfupi.

Mwenye nyumba anaishi Mbezi. Kila nikimpigia kuhusu ufa, kuhusu choo, kuhusu ukuta uliolala upande, ana jibu moja: anasubiri wathamini. Tangu watu wa ule mradi wa kupunguza mafuriko Bonde la Msimbazi waanze kulipwa fidia kwingine, hatii hata kijiko cha saruji. Mtasikia habari za daraja jipya refu Jangwani, karakana ya mabasi ya mwendokasi kuhamia Ubungo, mto kupanuliwa, bustani kubwa ya mji. Mimi siupingi mradi, uje hata kesho. Ila fidia ikitoka ataisaini yeye kule Mbezi, kodi nimelipa mimi, na kuchota nachota mimi.

Na nyie ambao vidole vinawawasha kuandika "si muhame", ngojeni. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 hapa mjini, waathirika wakapelekwa Mabwepande, huko nje ya mji. Wengine wamekaa na kujenga, hongera zao. Wengine walirudi, kwa sababu mama wa kuuza samaki anayetakiwa kuwa soko la Feri alfajiri atafikaje kutoka Mabwepande, na kwa nauli ipi? Desemba 2015 ikaja alama nyekundu ya X, zikaja tingatinga, nyumba zikalala. Tope halijakauka watu wameshaweka mabati. Hatukai bondeni kwa sababu tunapenda vyura. Kariakoo ipo pale, mzigo unashushwa usiku wa manane, na asiyekuwepo mzigo unaposhuka hana siku hiyo.

Mjumbe nimemwendea. Kasema tukae kikao Jumapili. Kikao chenyewe ni nyumbani kwa yule yule mzee wa mswaki.

Kodi yangu inaisha mwezi ujao. Mwenye chumba kimoja Mabibo au Ubungo upande wa juu, kisichozidi elfu sabini, anicheki. Dalali asije. Na tukienda kuangalia, mwenye nyumba asikasirike, nitakwaruza rangi kwa ufunguo kwanza.