Ubavu unauma nikigeuka, tabibu wa Kichina anachoma sindano mguuni. Nimeliwa?

Dereva_Bandari: Wakuu, kwema? Naendesha foklifti. Mzigo ukiwa mrefu mbele huoni, kwa hiyo kutwa nzima narudi kinyumenyume nimegeukia kulia. Sasa ubavu wa kushoto unauma nikijipinda. Nikitulia, hamna kitu. Tabibu wa Kichina kanibonyeza kidole cha nne cha mguu, kapanda upande wa nje mpaka nyonga, sindano zote kachoma huko. Ubavuni hajagusa! Eti ni "njia ya nyongo". Nyongo imeingiaje hapa?

Kisiki: Umeliwa, mkuu. Pole.

Mwana_Tiba: Kisiki acha hizo. Nyongo yako haihusiki. Hizo ni njia za misuli na kano, jing jin, zimo kwenye Lingshu, kitabu cha kale cha tiba ya Kichina, sura ya 13. Ziko 12, zote zinaanzia vidoleni kuja kiwiliwilini. Zimebeba majina ya viungo vya ndani lakini haziviingii. Hiyo ya nyongo inatoka kidole cha nne, fundo la mguu, nje ya goti, nyonga, mbavu, mpaka pembeni ya kichwa. Ila sura hiyohiyo inasema panapouma ndipo pa kuchoma, kwa hiyo muulize mbona kapakwepa.

DadaFizio: Mbavuni sindano ikizama inatoboa pafu. Kwa hilo simlaumu hata kidogo.

Njia yenyewe ukipasua mwili huikuti kama mshipa; ichukulie ni ramani ya misuli inayosaidiana. Ukigeukia kulia, msuli wa mshazari wa nje ya tumbo upande wa kushoto unavuta pamoja na mwenzake wa ndani wa kulia. Uti wa kiunoni unazunguka kidogo sana, kazi kubwa ni ya kifua na nyonga. Wewe nyonga umezikalia! Kabla ya kurudi nyuma, sogeza tako la kulia nyuma kidogo kitini ndipo ugeuke. Ukiona homa, damu kwenye mkojo au pumzi kubana, hospitali haraka.

Dereva_Bandari: Nimejaribu hapa kwenye benchi, nikisogeza nyonga maumivu yanapungua kweli. Sindano je, niendelee?

DadaFizio: Kama zinakupa nafuu na sindano ni mpya kila mara, sawa. Lakini usilipie kifurushi kizima mapema.

Kisiki: Kiti chenyewe je, hakizunguki? Mbane bosi wako.