Arusi Ijumaa Kizingitini na kusi imekaza: nitoke Malindi lini?

Mshonaji wa Malindi

Assalaam alaykum jamani. Naomba ushauri kwa wanaoijua njia ya boti ya kutoka Mokowe, gati la bara, kwenda Kizingitini, kisiwani Pate, wakati huu wa kipupwe.

Mdogo wangu anaolewa Ijumaa baada ya Alasiri. Nguo zote za bibi arusi ziko kwangu, nimezishona mwenyewe, pamoja na shela ya shanga niliyoikalia wiki tatu kila usiku baada ya kufunga duka. Ikiingia maji ya chumvi, sina siku ya kuirudia. Na nasafiri na mwanangu wa miaka miwili.

Ilani ya Idara ya Hali ya Hewa inasema kuanzia Jumanne mpaka Alhamisi upepo wa kusi utapita noti 25 (kipimo cha kasi) pwani yote, na mawimbi zaidi ya mita mbili. Simu ya shemeji yangu inaonyesha noti 16 tu kwa Amu (Lamu), na jana hiyohiyo ilionyesha 21. Baba naye, kwa simu kutoka nyumbani, kasema, "Njoo, bahari ni ya siku zote." Baba kavua tangu utotoni. Bahari yake si yangu.

Julai iliyopita nilivuka saa tisa mchana. Boti ilijazwa, jaketi za kuokolea zilikuwa nne kwa watu zaidi ya ishirini. Tulipotoka Mkanda, ule mlango wa maji kati ya Manda na bara, na kuingia ghubani, wimbi la kwanza lilitupiga ubavuni, la pili likaingia ndani. Nilimfunga mtoto kifuani kwa leso na kuushika ubao wa shetri kwa mikono miwili hadi vidole vikafa ganzi. Sitaki kurudia.

Nilipanga kutoka Jumatano kwa basi la asubuhi, nifike Mokowe kama saa saba, nivuke palepale. Au ningoje Alhamisi upepo upungue? Au nifunge duka Jumatatu, na kuna wateja watatu wanangoja nguo zao?

Kijana wa Faza

Dada, Jumatano njoo tu. Boti zinavuka kila siku.

Nahodha mstaafu, Amu

Mwanangu, nimeendesha boti njia hiyo miaka kumi na tisa. Ilani na simu hazipingani. Ilani inasemea pwani nzima, Kwale mpaka Amu, na bahari ya nje pia. Simu inakisia kipande kidogo tu, na huenda kipande hicho ni ndani ya mikoko, ambako upepo haufiki. Noti 25 ni kama kilomita 46 kwa saa. Ndani ya Mkanda utaziona ndogo. Ghubani ni habari nyingine.

Lakini kabla ya upepo, tazama mwezi. Jumatatu ni mwezi pili, yaani siku ya pili tangu uandame, bado bamvua, maji makuu yanayojaa na kupwa sana. Bamvua kwetu maji hujaa alfajiri na jioni, na hupwa mchana, kama saa tano. Ukifika Mokowe saa saba utakuta maji ndiyo kwanza yanaanza kurudi, na nahodha anaogopa mafungu ya mchanga. Utangoja mpaka saa tisa au kumi, na hapo kusi iko katika ukali wake wa siku. Ndilo lililokupata mwaka jana.

Jambo la pili: maji ya kutoka yakikutana na kusi inayoingia, wimbi husimama wima, fupifupi, hata kwa noti 15. Kwa hiyo vuka alfajiri, maji yakiwa yanamalizia kujaa, kabla hayajageuka.

Toka Malindi Jumatatu, lala Amu. Kila alfajiri nenda gatini ukamuulize nahodha.

Mshonaji wa Malindi

Shukrani sana, baba. Lakini nikitoka Jumatatu, nami nikakwama Amu siku tatu, si ni sawa na kukaa Malindi nifanye kazi yangu?

Nahodha mstaafu, Amu

Si sawa. Upepo ukilala kwa muda wa saa mbili tu Jumatano alfajiri, wewe uliyelala hapa Amu, mtaani Langoni, utavuka. Uliyelala Malindi utausikia kwenye simu, na ukifika umeshakaza tena. Kama ni kungoja, ngojea karibu na maji.

Na huyo kijana wa Faza, asidharau ilani. Mei 2024 walipotutangazia kimbunga Hidaya, wapo waliosema ni maneno ya redio. Kilipiga karibu na kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4. Mimi niliivuta mashua yangu juu na sikujuta.

Mama wa Siyu

Bibi, shela usiibebe kwenye begi. Tafuta ndoo ya rangi ya lita 20, ile yenye kifuniko cha kubana, ioshe, ianike, tia nguo ndani ya mfuko wa nailoni kisha ndani ya ndoo. Mimi husafirisha hivyo vitabu vya watoto wa darasa langu.

Na si lazima uende kwa maji mpaka Kizingitini. Shukia Mtangawanda, gati la huku Pate, panda bodaboda upitie Siyu na Faza. Mgongo utauma lakini mtoto atakuwa mkavu. Jaketi ya mtoto nunua mwenyewe, usitegemee ya boti.

Mshonaji wa Malindi

Nawaandikia kutoka nyumbani, Jumatano. Jumatatu nilifunga duka, wateja wawili nikawamalizia usiku wa kuamkia, wa tatu kakubali kungoja. Jumanne alfajiri nahodha alisimama gatini, akatazama minazi ya Manda, akasema leo hapana. Nikarudi kwa shangazi Langoni. Leo tumeng'oa saa kumi na mbili kasorobo, watu kumi na mmoja, kila mmoja na jaketi. Ghubani tumerushwa kidogo, mtoto kalala. Nimeshukia Mtangawanda.

Mama ameifungua ndoo mwenyewe, akaitoa shela, akaipitisha shavuni kuona kama ina unyevu. Kisha akaitundika mlangoni na kuniuliza kama nimekunywa chai.