Vyombo vya kijiji cha Karanis virudi Misri, au vibaki Marekani?

Mwanzisha mada: Wakuu, salaam. Sizungumzii dhahabu ya mafarao, hiyo ina watetezi tele. Nazungumzia kijiji cha wakulima. Karanis, mkoa wa Fayum, kusini-magharibi mwa Cairo. Siku hizi panaitwa Kom Aushim. Chini ya Warumi watu wa hapo walilima ngano, wakatozwa kodi ya ngano, wakagombania mashamba. Chuo Kikuu cha Michigan kilichimba hapo kuanzia 1924 hadi 1935, na leo vitu kama 45,000 viko kwenye makumbusho yake ya Kelsey, Ann Arbor. Vikapu, vyombo vya kioo, hata kifarasi cha mbao chenye magurudumu, mtoto alikuwa akikikokota. Kifarasi hicho Michigan kinafanya nini? Mimi nasema virudi.

Jembe Butu: Mkuu, umeruka jambo. Wamarekani walikuta kilima kinaliwa. Wachimbaji wa sebakh, ule udongo wa mahame unaotumika kama mbolea, walishakwangua katikati ya kijiji pakabaki shimo. Udongo ukienda shambani, mafunjo, karatasi za kale zenye maandishi, yanakwenda nayo. Timu ya Michigan iliandika kila kitu kimetoka nyumba ipi, tabaka lipi. Bila daftari zile leo tungebishania nini? Tena hawakuiba. Sheria ya wakati ule iliruhusu mgawo, Misri inachukua fungu lake, mchimbaji lake.

Mwanzisha mada: Mgawo naujua. Swali langu ni nani alikuwa anagawa. Misri ilitangaziwa uhuru 1922, lakini idara ya mambo ya kale ilikuwa mikononi mwa Mfaransa, Pierre Lacau, hadi 1936. Mwenye mali hakuwa ameshika kisu. Alipokishika, sheria namba 117 ya 1983 ikatamka kwamba mambo ya kale ni mali ya umma.

Jembe Butu: Lacau huyohuyo ndiye aliyembania Howard Carter, mgunduzi wa kaburi la farao Tutankhamun, akataka vyote vibaki Cairo. Kama vya Karanis aliviachia, basi aliviona havina thamani. Na sheria ya 1983 haiwezi kumshika mtu wa 1924.

Kapu la Mkindu: Hapo "havina thamani" ndipo penye ugonjwa wenyewe. Mmemsoma Gemellus kwenye mafunjo hayo? Mkulima wa Karanis, jicho moja halioni na la pili ni mashaka. Mwaka 197 alipeleka mashtaka serikalini: jirani yake Julius kaja shambani wakati wa mavuno, kabeba mimba iliyoharibika, kamtupia mkulima wa Gemellus ili kumfunga kwa husuda, kisha kazoa mazao. Jamani, kesi hii mkiisoma kwenye baraza la kijiji chochote kwetu, nani atauliza ni ya karne gani? Kaburi la mfalme halikupi hiyo. Ila mimi siwaungi mkono wote wawili. Sehemu ya mafunjo ilisharudishwa Cairo baada ya kusomwa, na mkulima wa Fayum hakupata lolote. Makumbusho ya Kom Aushim penyewe yalifungwa 2006 yakafunguliwa 2016. Kitu kikirudi kikalala kwenye sanduku stoo ya Cairo, kwa mtu wa Fayum kimerudi wapi? Kwanza maandishi yote yawekwe kwa Kiarabu, bure, mtoto wa shule pale asome kesi ya Gemellus.

Mwanzisha mada: Tafsiri nakubali, lakini tafsiri haikokotwi kwa kamba. Nyumba moja imegawanywa kati ya mabara mawili, kuta huku, vyombo kule. Anayetembea mahame yale leo anaona matofali ya udongo tu. Basi sitaki vyote 45,000. Nipeni vya nyumba moja, vikae Kom Aushim. Na kifarasi.

Jembe Butu: Nyumba moja naweza kufikiria. Kifarasi napinga.

Kapu la Mkindu: Kwa nini?

Jembe Butu: Leo kifarasi, kesho wataomba na daftari.